Udongo kwenye mbale ya shaba: kuongeza kemikali si dawa

Kiwango cha shaba inayopatikana kikishuka kwenye matangi ya kuelesha kwa povu, ambako viputo vya hewa hubeba madini juu, wengi hukimbilia kuongeza zantheti, kemikali inayofanya madini ya shaba yashike viputo, wakidai udongo wa mfinyanzi "umeinywa". Mara nyingi sivyo. Zantheti ya ziada huishia kuelesha pairiti, madini ya chuma yasiyotakiwa, na makinikia (madini yaliyokusanywa) yakachafuka.

Kwanza ujue ni udongo gani. Bentonaiti hunyonya maji ikavimba. Tope huwa zito kama uji, hewa ikabaki inazunguka karibu na pangaboi tu, na viputo visifike pembeni mwa tangi. Hapo kinachotakiwa ni maji: shusha yabisi kutoka asilimia 30 hadi 20 hivi kwa uzito, ingawa tope nalo litapita tangini haraka zaidi, na shaba ipate muda mfupi wa kuelea.

Kaolini haivimbi kiasi hicho. Shida yake ni chembe laini zinazoganda juu ya madini ya shaba na kuziba pale zantheti ingeshika. Sodiamu silikati huzitawanya, ila ikizidi huzuia hata shaba yenyewe. Njia nyingine ni kuziondoa mapema kwa saikloni, chombo kinachozungusha tope kutenga chembe laini na kubwa. Ila kiasi cha chembe laini za shaba kitaondoka nazo.

Talki, ndugu yao wa karibu, huelea yenyewe bila zantheti. Hiyo huzuiwa kwa CMC (kemikali inayotengenezwa kwa selulosi) au gundi ya guar.