Kinyago kilichopasuka si lazima kiwe feki

Wengi husema kinyago cha Kimakonde kikipasuka, basi si mpingo halisi. Si kweli, na kauli hiyo inawaharibia jina wachongaji wa Mtwara bure. Mti, hata uliokwishachongwa, hufyonza na kuachia unyevu kufuata hewa ya mahali ulipo. Kinyago kilichozoea hewa ya bahari ya Mikindani ukakiweka ofisini Dodoma, chini ya kiyoyozi, kitakauka. Kiyoyozi hakipozi tu, hukausha pia (yale maji yanayodondoka nje yametoka kwenye hewa ya chumba). Sehemu ya nje ya kinyago husinyaa kabla ya ndani. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na hukauka polepole mno, hivyo hupasuka: ufa mwembamba unaofuata nyuzi. Mulika ndani ya ufa huo. Kukiwa kweupe chini ya rangi nyeusi, hapo ndipo uulize maswali.