Mboji Iliyotengenezwa Vizuri Hainuki

Kwa muda mrefu imeaminika kwamba taka za jikoni haziwezi kugeuzwa mboji mjini, kwa kuwa lundo lolote la vitu vinavyooza lazima linuke. Imani hiyo inachanganya kuoza pasipo na hewa na kuoza penye hewa.

Maganda mabichi na mabaki ya chakula yana maji na nitrojeni nyingi. Yakirundikwa peke yake hushikamana, hewa hukosa pa kupita, na bakteria wasiohitaji oksijeni hutoa haidrojeni salfaidi na asidi zenye harufu kali. Nitrojeni iliyozidi hupotea hewani kama amonia, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hasara kubwa zaidi, maana ni chakula cha mazao kinachopotea bure.

Inatosha kuchanganya taka hizo na majani makavu, maranda au kadibodi iliyochanwa, vitu vyenye kaboni nyingi, hadi kaboni ifikie takriban mara 25 hadi 30 ya nitrojeni, na kuligeuza lundo mara kwa mara likiwa na unyevunyevu usiotiririka. Lundo la takriban mita moja kila upande huweza kupita nyuzi joto 55 za Selsiasi, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua vimelea vingi vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu. Nyama na mafuta ni afadhali yasiingizwe.

Mboji iliyokomaa, ambayo huchukua miezi kadhaa, hunukia udongo. Ikipelekwa shambani kabla ya hapo, vijidudu vyake vinaweza kuinyang'anya mimea nitrojeni ikadumaa.