Je, wajua? Kwa nini kompyuta inacheza filamu vizuri lakini inaikataa DVD tupu

Unaweka DVD ya filamu, inacheza vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Unaitoa, unaweka DVD mpya iliyotoka kwenye pakiti sasa hivi, haina hata alama ya kidole. Draivu inazunguka, inatulia, inazunguka tena. Unasikia kitu ndani kikisogea mbele na nyuma, tak, tak, kisha kimya. Kwenye skrini yanatokea maneno yaleyale: weka diski. Na diski imo humo humo.

Wengi wakifika hapo huilaumu diski, kwa hoja kwamba draivu haiwezi kuwa mbovu maana imetoka kucheza filamu dakika mbili zilizopita. Hoja hiyo imewatupisha watu pakiti nzima za diski zisizo na kosa. Kucheza filamu ni kazi moja, kuitambua diski tupu ni nyingine, na hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi kwa draivu. Ukishajua ugumu wenyewe uko wapi, unaweza kuitafuta hitilafu hatua kwa hatua bila kubahatisha.

Diski tupu ina maandishi

Ishike DVD tupu chini ya taa uigeuzegeuze. Upande wa chini unaonesha zambarau. CD tupu huwa na kijani, buluu au dhahabu, kutegemea kemikali iliyotumika. DVD ya filamu ni rangi ya fedha tu. Tofauti hiyo unayoiona kwa macho ndiyo chanzo cha yote.

Filamu hupigwa chapa kiwandani: plastiki hugandamizwa kwenye muhuri wa chuma, ikabaki na vishimo vidogo mno kwa mabilioni, kisha hupakwa tabaka jembamba la metali, kwa kawaida alumini. Mwanga wa leza ukiangukia sehemu bapa hurudi kwa nguvu. Ukiangukia kishimo hufifia. Unakorudi kuna kipokea mwanga kilichogawanywa sehemu nne. Kila kishimo kinapopita, draivu hulinganisha sehemu hizo nne na kujua kama lenzi imeteleza kushoto au kulia ya njia yake. Vishimo vyenyewe ndivyo vinavyoiongoza.

Diski tupu haina vishimo hivyo. Badala yake kiwanda kimechora mfereji mmoja tu, unaozunguka na kuzunguka kuanzia karibu na tundu la katikati hadi ukingoni. Kwenye DVD, mzunguko mmoja na unaofuata vimeachana kwa mikromita 0.74, yaani pungufu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ungeweza kuuchomoa mfereji huo na kuunyoosha, ungefika karibu kilomita 12. Juu yake kuna tabaka la rangi, na rangi hiyo ndiyo leza huiunguza pale unapochoma faili zako.

Kinachonivutia mimi kuliko vyote ni kwamba mfereji huo haukunyooka. Unayumba kidogo kushoto na kulia, kwa makusudi, na mayumbo hayo yana maana: yanaijulisha draivu izunguke kwa kasi gani na lenzi iko sehemu gani ya diski. Katika CD-R, yaani CD ya kuandikwa mara moja tu, habari zilizobebwa na mayumbo hayo huitwa ATIP. Katika DVD+R huitwa ADIP. DVD-R ina njia yake: huweka vishimo vichache vya alama kwenye tuta lililo kati ya mzunguko mmoja wa mfereji na mwingine. Humo ndimo ilimoandikwa aina ya diski, kasi inayoruhusiwa na msimbo wa aliyeitengeneza. Kabla hujaandika herufi hata moja, diski yako tayari ina kitambulisho.

Sasa draivu inatakiwa ikisome kitambulisho hicho bila msaada wa vishimo vya filamu, kwa kufuata kingo za mfereji peke yake. Ishara inayorudi ni hafifu sana. Vumbi kidogo juu ya lenzi, au leza iliyochoka, bado huacha mwanga wa kutosha kucheza filamu. Kwa mfereji mtupu, hautoshi. Diski za kufutwa na kuandikwa tena, zile za RW, zina mtihani mkubwa zaidi: CD ya kiwandani hurudisha asilimia 70 ya mwanga au zaidi, wakati CD-RW hurudisha kama asilimia 15 hadi 25 tu. Kwa hiyo nikiona draivu imeanza kuzikataa RW huku diski nyingine bado inazikubali, kitu cha kwanza ninachokishuku ni lenzi.

Leza mbili ndani ya draivu moja

Draivu inayochoma CD na DVD haina leza moja. Ya CD ina mwanga wa nanomita 780, ambao jicho la binadamu halikuumbwa kuutumia kuonea. Ya DVD ni nyekundu, nanomita 650. Zinaweza kupita kwenye lenzi ileile, lakini moja inaweza kuchoka ikaiacha nyingine nzima. Hapo ndipo penye jaribio rahisi na lenye faida kuliko yote. Tafuta CD tupu moja na DVD tupu mbili, moja ya alama ya kujumlisha, yaani DVD+R, na moja ya alama ya kutoa, DVD-R. Ziweke moja baada ya nyingine, kila moja uipe muda wa dakika nzima, na uandike kilichotokea.

CD ikitambuliwa na DVD zote mbili zikakataliwa, ushahidi unaielekea leza nyekundu. Ila usiihukumu kabla hujasoma alama zilizopo kwenye mlango wa draivu. Kuna draivu zilizotengenezwa kusoma DVD na kuchoma CD tu. Mlangoni zina alama ya DVD, zina pia neno la kuonesha kuwa zinaandika, na mtu akiziona kwa haraka anayaunganisha. Ukizitazama vizuri utakuta neno la kuandika liko chini ya alama ya CD, na chini ya alama ya DVD pameandikwa ROM, maana yake kusoma tu. Draivu kama hiyo si mbovu. Haikuundwa kuchoma DVD, na hakuna programu itakayoipa leza isiyokuwa nayo.

DVD moja ikikubaliwa na nyingine ikakataliwa, angalia umri wa draivu. DVD-R ilianza kuuzwa mwaka 1997 na DVD+R ikafuata mwaka 2002, kutoka kambi mbili zilizokuwa zikishindana, kwa hiyo draivu za miaka ya mwanzo zilijua kuchoma aina moja tu. Draivu za baadaye hujua zote mbili. Vivyo hivyo kwa diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 8.5: draivu iliyotengenezwa kwa ajili ya zile za gigabaiti 4.7 haitaijua kazi hiyo. Na CD-RW za kasi kubwa hukataliwa na draivu kongwe hata kama kwenye kasha zote zinaitwa CD-RW.

Kuna hali nyingine inayowatesa watu kwa sababu haionekani kwa macho: umenunua diski za chapa uliyoizoea, kasha lilelile, na pakiti hii inakataliwa wakati ile ya mwaka jana ilikubaliwa. Jina la kwenye kasha si lazima liwe la kiwanda kilichozitengeneza, na chapa moja inaweza kununua diski kutoka viwanda kadhaa. Draivu hailisomi kasha. Inasoma msimbo ulio ndani ya diski, kwa mfano MCC 004, ambao ni wa DVD+R ya kasi ya 16x kutoka Mitsubishi Kagaku Media, kisha inautafuta kwenye orodha iliyomo katika fimwea, ile programu inayokaa ndani ya draivu yenyewe. Orodha hiyo ndiyo inayoieleza leza iwake kwa nguvu gani na kwa muda gani kwa diski ya aina hiyo. Msimbo usipokuwemo, draivu hutumia kipimo cha jumla au huikataa diski. Dawa yake ni fimwea mpya kutoka kwa mtengenezaji wa draivu, ya modeli yako hasa. Ukiweka ya modeli jirani unaweza kuiua draivu kabisa, na umeme ukikatika katikati ya kazi matokeo ni yaleyale. Binafsi huanza kwa kujaribu diski za chapa nyingine, maana ni njia isiyo na hatari.

Hakikisha pia kwamba diski unayoiita tupu ni tupu kweli. Diski ya R iliyoanza kuchomwa kazi ikakatika njiani si tupu tena, hata kama ukiifungua huoni faili. Iangalie chini ya taa: sehemu iliyochomwa huonekana kama pete yenye kivuli tofauti karibu na katikati. Ukiiona pete hiyo, iweke kando.

Umeme, kompyuta, na lenzi

Kama diski zote tupu zinakataliwa, CD kwa DVD, na draivu yako ni ile nyembamba ya nje inayounganishwa kwa USB, anza na umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida limepangiwa kutoa miliampea 500. Kuanza kuzungusha diski na kusogeza lenzi kwa wakati mmoja hutaka umeme mwingi, na draivu ikikosa umeme wa kutosha husita, hujaribu tena, kisha hukata tamaa. Acha kutumia kigawanyio cha USB na waya mrefu. Ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, na kama ni ya mezani tumia yale ya nyuma. Draivu nyingine huja na waya wenye vichwa viwili. Vichomeke vyote viwili.

Upande wa programu kuna swali moja la kuuliza kwanza: je, kosa liko kwenye kompyuta au kwenye draivu? Jibu unalipata kwa kuwasha kompyuta kwa Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, iliyowekwa kwenye flashi, bila kuisakinisha. Weka DVD tupu ileile, fungua dirisha la amri, kisha andika dvd+rw-mediainfo /dev/sr0, au sakinisha kwanza zana za dvd+rw-tools kama hazimo. Ikikujibu kuwa hali ya diski ni tupu na kukutajia msimbo wake, draivu yako ni nzima na mfumo wako wa kawaida ndio wenye kosa. Usishtuke Linux ikikataa kuifungua diski kama folda. Diski tupu haina mfumo wa faili, kwa hiyo hakuna cha kufungua.

Kosa likibainika kuwa la Windows, anza kwa kuiondoa draivu kwenye Device Manager kisha uwashe kompyuta upya, iitambue kama ngeni. Isiposaidia, mara nyingi mkosaji ni mabaki ya programu za kuchoma diski au za kuunda draivu bandia. Hizo hujipenyeza kati ya Windows na draivu kwa maingizo mawili kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows: UpperFilters na LowerFilters, na programu ikiondolewa vibaya maingizo hubaki yakielekeza kwenye kitu kisichopo. Yamo kwenye kundi la draivu za diski, lenye namba inayoanza na 4D36E965. Hifadhi nakala ya rejista kwanza, futa maingizo hayo katika kundi hilo tu, kisha washa upya. Programu za kuchoma utakazobaki nazo huenda zikahitaji kusakinishwa upya.

Linux nayo ikishindwa, basi hitilafu ni ya draivu yenyewe, na kilichobaki cha kujaribu ni lenzi. Kwenye kompyuta mpakato zenye trei, kazi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: fungua trei, kisha zima kompyuta, ivute trei nje, na lenzi utaiona palepale, kitone cha kioo kama nusu ya kucha ya kidole kidogo, kikiwa na mng'ao wa kibuluu. Imening'inizwa kwenye nyaya laini zinazocheza, ndiyo sababu hutakiwi kuigandamiza. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo. Kisha chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili, kikamue kiwe na unyevu tu, ukizungushe juu ya kioo mara moja au mbili kwa uzito wa kijiti chenyewe. Acha ikauke kabla ya kuwasha. Draivu ya kompyuta ya mezani inabidi ifunguliwe, na hapo nasisitiza: chomoa waya wa umeme kwanza, na usiiwashe kamwe ikiwa wazi. Leza ya kuchomea inaweza kuharibu jicho, na mwanga wa ile ya CD huwezi kuuona vizuri ukajikinga.

Baada ya kusafisha, rudia jaribio la diski tatu na ulinganishe na ulichoandika mwanzo. DVD iliyokuwa ikikataliwa ikianza kutambuliwa, hata kwa kusuasua, kumbe ulikuwa uchafu. Ikiendelea kukataliwa huku CD ikipita bila shida, leza nyekundu imechoka, na leza haitengenezwi. Hapo ni draivu nyingine.

Hiyo ya zamani usiitupe leo. Kama una diski za picha, sauti au nyaraka ulizochoma miaka iliyopita, ziweke moja moja na unakili kila kitu wakati bado inaweza kuzisoma, ukianza na zile za RW.