Kuhamisha Windows kwenda SSD ndogo kunawezekana

Mpelekee fundi wa Malindi laptopu yenye diski ya terabaiti 1 pamoja na SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya gigabaiti 240, huenda akakujibu: "Haiingii hii, tupige Windows upya." Na hapo programu ya hesabu za duka, pamoja na mipangilio yake yote, ndiyo kwaheri.

Si kweli kwamba haiingii. Kinachohamishwa ni data iliyomo, si ukubwa wa diski. Tazama sifa za diski C: ikiwa zimetumika gigabaiti 130, zitaenea na nafasi itabaki. (SSD hiyo itasomeka kama 223 hivi. Usigombane na muuzaji; Windows huhesabu kwa 1,024, kiwanda kwa 1,000.)

Shida iko kwenye patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa. C imetandazwa karibu diski nzima, na Clonezilla, kwa mfano, programu ya kunakili diski nzima, kwa kawaida hukataa diski lengwa iliyo ndogo. Macrium Reflect, programu nyingine ya kazi hiyo, huweza kuipunguza C wakati wa kunakili. Ukitaka kuipunguza mwenyewe, hamishia video kwenye diski ya nje, kisha fungua diskmgmt.msc, zana ya Windows ya kusimamia diski, uipunguze C hapo. Ikigoma, mara nyingi kuna faili zisizosogezeka katikati ya njia, mojawapo ile ya kulaza kompyuta (hibernation). Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika powercfg /h off ili kuiondoa faili hiyo, ujaribu tena.

Kunakili faili kwa Ctrl+C hakusaidii kitu: patisheni ya kuwashia haiji nazo, na kompyuta haitawaka. Diski ya zamani usiifute mpaka SSD iwake peke yake, ile nyingine ikiwa imechomolewa.