Klipu ya Mwaka 2010 Haijamaliza Kesi

Kila msimu wa kampeni unapokaribia, mimi ambaye kazi yangu ni kuhakiki kauli za wanasiasa hutumiwa klipu ile ile ya mwaka 2010, William Ruto akiwa jukwaani akipinga rasimu ya katiba, ikiambatana na swali la kejeli: leo huyu ndiye mlinzi wa katiba? Anayeituma huamini kwamba kesi imekwisha. Haijaanza.

Ahadi hupimwa kwa utekelezaji na dai la takwimu kwa takwimu, hayo tuyapite. Kinachonichosha ni msimamo, kwa sababu msimamo hutolewa mbele ya chaguo fulani, nayo klipu hulikata chaguo hilo likabaki nje. Kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 haikuwauliza Wakenya iwapo wanapenda katiba. Iliwauliza iwapo rasimu ile, pamoja na vifungu vyake vya ardhi, mahakama za Kadhi na uavyaji mimba, ipite ilivyo. Upande wa Hapana ulitaka irekebishwe kwanza. Upande wa Ndiyo, ulioongozwa na Mwai Kibaki na Raila Odinga, ulikiri kwamba ilikuwa na kasoro, ukasisitiza ipite kisha irekebishwe. Miaka kumi baadaye Raila akawa mstari wa mbele kuibadilisha katiba hiyo kupitia BBI (Building Bridges Initiative), mpango wa kuirekebisha, naye Ruto akapinga. Watuma klipu waliona vigeugeu wawili. Mimi, kwa upande wa Raila, nilimwona mtu akifuata jambo ambalo kambi yake ilikuwa imelitangaza waziwazi, ingawa ni halali kuuliza iwapo kukosekana kwa cheo cha Waziri Mkuu, ambacho BBI ilipendekeza, kulikuwa miongoni mwa kasoro hizo.

Ruto ni mgumu zaidi. Kuanzia 2013 hadi 2022 alishika wadhifa wa Naibu Rais, ambao katiba hiyo hiyo iliuweka mahali pa Makamu wa Rais. Je, alishawishika au alinufaika? Miongozo yetu ya uhakiki ina alama ya kweli na ya uongo. Haina alama ya aliyeongoka kwa faida yake, wala haisemi kauli huchakaa baada ya miaka mingapi. Ninachojaribu kupima ni gharama: aliyebadili msimamo akapoteza kura za nyumbani kwao mimi humwamini zaidi kuliko aliyeubadili baada ya kuteuliwa, ijapokuwa kipimo hicho humwonea yule ambaye imani yake na maslahi yake vimekutana kwa bahati tu.