Ngome si kasri, hata mfalme akilala ndani

Juzi mtangazaji mmoja wa redio alitaja majengo matatu ya Uingereza kwa pumzi moja: Kasri la Buckingham, Kasri la Windsor, na "kasri la kale" la Mnara wa London. Nikazima redio. Tangu mazishi ya Malkia Elizabeth, Septemba 2022, neno kasri limekuwa chumvi ya kila chungu.

Maana kwanza, tuimalize upesi. Kasri ni jumba la mtawala, limejengwa aishi kwa fahari na apokee wageni. Ngome imejengwa kumzuia adui. Kile Waingereza wanachokiita castle, kama Windsor, ni ngome ambayo mwenyewe anaishi ndani: ukuta, mnara, matundu ya kurushia mishale, na katikati yake jiko, kanisa na kitanda cha bwana.

Kichekesho ni kwamba castle na kasri ni mabinamu. Warumi walikuwa na neno castrum, kambi ya jeshi, na udogo wake castellum. Hilo la pili lilipita kwenye Kifaransa cha Wanormani, wale wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, likavuka nao bahari, likawa castle. Castrum nalo likashika njia ya mashariki: Wagiriki wakasema kastron, Kiaramu kikalipokea, Waarabu wakatamka qasr, na sisi wa pwani tukapata kasri. Huko njiani lilivua deraya na kuvaa hariri. Binamu yake wa Uingereza hakuvua.

Mashabiki wa Manchester na Leicester wanaitaja kambi ya Warumi kila wikendi bila kujua, maana hizo -chester na -cester ni castrum hiyohiyo. Newcastle nayo ni Ngome Mpya tu, ile iliyoanzishwa na mtoto wa William Mshindi mwaka 1080. Sijawahi kusikia mtangazaji wa mpira akiiita Kasri Jipya.

Najua kuna atakayesema: kama asili ni moja, ugomvi wa nini? Basi tuchukue gereza. Limetoka kwa Wareno, igreja, yaani kanisa, likawa jina la ngome (lile Gereza la Kilwa Kisiwani ni ngome), kisha likaishia kwa wafungwa. Asili yake ni kanisa, lakini hakuna anayekwenda gerezani kusali Jumapili, labda aliyepelekwa.

Sasa turudi Windsor. William, baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066, hakwenda pale kutafuta mandhari. Miaka ya 1070 aliwarundikisha watu udongo juu ya mto Thames, akaweka boma la magogo, moja kati ya ngome zilizoizunguka London kwa umbali wa mwendo wa siku moja hivi. Henry wa Pili ndiye aliyeleta mawe. Mwaka 1216, katika vita vya mabaroni, yaani makabaila wakubwa, na Mfalme John, ilizingirwa zaidi ya miezi miwili isianguke. Jumba la fahari halivumilii hivyo. Fahari ilikuja baadaye: Edward wa Tatu, aliyezaliwa humo mwaka 1312, alimwaga fedha nyingi kuliko alivyopenda mtunza hazina yeyote, na George wa Nne, karne ya 19, akaurefusha Mnara wa Duara ili tu uonekane vizuri kwa mbali. Hapo katikati Charles wa Kwanza alifungwa humo, akakatwa kichwa London mwaka 1649, akarudishwa kuzikwa.

Buckingham haina lolote la hayo. Ilianza kama nyumba ya mwinyi mmoja mwaka 1703, George wa Tatu akainunua, na Victoria akahamia mwaka 1837. Hiyo ni kasri, na jina limeitosha.

Nikiri pia kwamba sisi wenyewe si wasafi. Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, lenye birika la kuogea la pembe nane. Na husuni, kwa Kiarabu, ni ngome. Sisi tumeiita kasri ngome, sasa tunaiita ngome kasri.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtangazaji, sema Ngome ya Windsor. Ukihofia msikilizaji atadhani ni kambi ya askari, ongeza "anamoishi mfalme", sekunde moja tu. Na siku ukisimulia ule moto wa Novemba 1992, ulioteketeza kumbi za dhahabu na kuacha kuta za nje zimesimama, hapo sema kwamba kasri lililomo ndani ya ngome ndilo lililoungua. Nitakuelewa, na redio sitaizima.