Yunioni ya wafanyakazi wa majumbani si ofisi ya ajenti

Siku hizi Kisumu na Nakuru, mtu akipata dada mpya wa kazi utamsikia akisema, "Huyu nilimtoa yunioni." Ukimuuliza yunioni gani, anakuelekeza kwenye chumba ghorofani pale Kondele, au karibu na stendi ya matatu mjini Nakuru, ambako wasichana wamekaa kwenye benchi na mifuko yao wakisubiri kuchaguliwa. Hiyo ni ofisi ya ajenti. Nimelisikia kosa hili kanisani, sokoni na hata redioni, na linaniudhi kwa sababu anayeumia nalo ni dada mwenyewe. Anaamini ameshapita yunioni, kumbe hajafika, na siku akidhulumiwa anarudi kwenye benchi lile lile akidhani hapo ndipo pa kushtaki.

Chama cha wafanyakazi, au yunioni, ni jumuiya ya wafanyakazi wenyewe. Husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, huendeshwa kwa ada za wanachama na viongozi waliochaguliwa na wanachama, na kazi yake ni kujadiliana na waajiri kuhusu mshahara na masharti ya kazi, na kumtetea mwanachama anapokosana na mwajiri. Kwa wafanyakazi wa majumbani nchini Kenya chama hicho ni KUDHEIHA. Ndani yake wamo pia watu wa hoteli, hospitali na taasisi za elimu, lakini ile herufi D ya jina lake (Domestic) ni ya majumbani, na imewekwa mbele ya hao wengine wote. Maana ni hiyo tu, haina ugumu.

Ugumu uko kwenye vitu vinavyochanganywa nayo.

Ajenti ni mfanyabiashara. Anamkutanisha anayetafuta kazi na anayetafuta mfanyakazi, halafu analipwa. Wako waaminifu, na msichana aliyeshuka juzi kutoka Siaya au Vihiga bila kumjua mtu mjini ana sababu nzuri ya kupitia kwao. Lakini tazama pesa inatoka wapi. Mara nyingi mwenye nyumba ndiye hulipa. Mara nyingine ajenti anakata mshahara wa kwanza wa dada, na wapo wanaokula pande zote mbili. Dada akiondoka baada ya miezi miwili, mwenye nyumba anarudi kutafuta mwingine na ajenti analipwa tena. Hata awe na moyo mwema namna gani, kipato chake hakitokani na dada kukaa vizuri kazini. Shirika la Kazi Duniani lililiona hilo. Mkataba wake namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2011, unazitaka nchi zihakikishe kuwa ada za mawakala hazikatwi kwenye ujira wa mfanyakazi. Yunioni nayo hula ada ya mwanachama, kwa hiyo inawajibika kwa mwanachama. Sote tunaijua KNUT, chama cha walimu, ni nini, na hakuna mzazi anayekwenda KNUT kutafuta mwalimu wa tuisheni. Kwa nini basi mambo yabadilike tunapofika kwa dada?

Kitu cha pili ni chama cha kuchangiana. Akina dada wa Nyalenda au Kaptembwo hukutana Jumapili jioni, kila mmoja anatoa kidogo, mmoja anapokea, na mwenzao akifiwa wanachanga nauli na kitambaa cha matanga. Nakiheshimu sana chama cha namna hiyo, kimewasitiri wengi. Hata hivyo hakina mamlaka ya kisheria ya kumwandikia mwajiri barua naye akalazimika kuijibu.

Hapo ndipo tunapofikia tofauti ninayotaka kukaa nayo, ile ya ustawi na haki.

Mama wa Milimani atakuambia, "Mimi dada wangu namtunza. Anakula tunachokula sisi, Krismasi namnunulia nguo, mtoto wake namlipia karo. Yunioni ya nini?" Na mara nyingi anasema kweli. Nawajua waajiri waliomuuguza dada wao hospitalini kama binti yao. Huo ni ustawi, na ni jambo jema. Ila hutoka mkononi mwa mwenye nyumba, na mkono huo ukifunga, hakuna pa kuulizia. Mama akihamia Nairobi, au ndoa ikivunjika, au biashara ikianguka, karo ya yule mtoto inakoma na hakuna aliyevunja ahadi yoyote. Haki ni ile ambayo dada anaweza kuidai hata kwa mwajiri asiyempenda.

Tofauti hii ina historia yake hapa Nyanza. Desemba 1921, watu walikusanyika Lundha, Gem, katika mkutano ulioitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Wengi wa waliouongoza walikuwa vijana waliosoma Maseno, na waliunda Young Kavirondo Association (Kavirondo ni jina la kikoloni la eneo hili), Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Walidai kodi ipunguzwe, kambi za kazi za lazima zifungwe, na kipande kiondolewe. Kipande kilikuwa cheti kilicholetwa na sheria ya 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kuwa nacho, akakitia kwenye kikebe cha bati na kukining'iniza shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuajiriwa, mshahara, na siku ya kuachishwa. Mtu akiondoka kabla mwajiri hajatia sahihi ya kumwachilia, alihesabiwa mtoro na kushtakiwa. Kumbuka kwamba siku zile wafanyakazi wa majumbani walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa. Wapishi na watumishi wa nyumba za masetla wa Nakuru walikuwa watu wazima walioitwa "boi", na ruhusa yao ya kuondoka ilikuwa mfukoni mwa bwana.

Miaka miwili baada ya Lundha, 1923, kasisi Mwingereza aliyeitwa Owen, Archdeacon (kasisi wa cheo) wa Kanisa la Anglikana huku Kavirondo, akawa rais wa chama kile, na jina likabadilishwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Neno la ustawi, Welfare, likaingia kwenye jina. Wanachama wakaahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti. Chama kiliendelea kuandika malalamiko kwa serikali, na Owen mwenyewe hakuwaogopa wakubwa wa kikoloni, hilo lazima nilitaje. Lakini madai makali ya Lundha yalipoa, na kipande kikabaki shingoni kwa miaka mingi baadaye. Vyoo vilihitajika, sikatai. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuchimbiwa choo kizuri na bado asiwe na ruhusa ya kutoka getini.

Ndiyo maana hunisumbua kusikia ofisi ya ajenti, au mwenye nyumba, wakikaa na kitambulisho cha dada "ili asitoroke". Ule mkataba namba 189 unasema wazi katika kifungu cha 9 kwamba mfanyakazi wa nyumbani abaki na hati zake mwenyewe, na kwamba halazimiki kukaa ndani ya nyumba wakati wa mapumziko au likizo yake. Babu zetu walikusanyika Lundha wakilia juu ya jambo hili hili.

Sasa, haki za dada wa kazi wa Kenya hazihitaji kutungwa upya, kwa sababu zimeandikwa. Sheria ya Ajira ya 2007 haimtengi mfanyakazi wa nyumbani. Anastahili likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo kamili, na miezi mitatu ya uzazi. Akiajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi, mkataba wake unapaswa kuwa wa maandishi, na kuuandika ni jukumu la mwajiri. Mambo yakifika mahakamani na mwajiri akakosa kuutoa mkataba huo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unamwangukia yeye. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika jiji kama Kisumu kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Nyumba nyingi zinalipa chini ya hapo, na wengi hawajui hata kwamba kima kipo.

Iliyo ngumu ni kuidai haki hiyo ukiwa peke yako ndani ya nyumba ya mtu. Chukua kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira. Mwajiri anayetaka kumfukuza mfanyakazi kwa makosa au kwa kutofanya kazi vizuri ni lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na wakati huo mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Hotelini jambo hili linawezekana. Nyumbani, pesa zimepotea kwenye droo, ni saa mbili usiku, mama anapiga kelele, begi limeshatupwa nje. Mwenzake ni nani? Mtoto wa miaka minne anayemlea? Pale ambapo hakuna mfanyakazi mwenza, anayebaki katika maneno ya sheria ni mwakilishi wa chama. Bila yunioni kifungu hicho kinakuwa karatasi tupu kwa watu ambao wangekihitaji kuliko wote.

Yunioni ya majumbani pia haiwezi kufanya kazi kwa mtindo wa kiwandani, na nadhani hili huwachanganya hata wanaoipenda. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga, kisha waandikiane mkataba wa pamoja. Nyumbani mfanyakazi ni mmoja, kwa hiyo akijiunga yeye tu, nusu imeshapita. Lakini hakuna chama kinachoweza kuketi na kila mwenye nyumba wa mitaa ya Riat na Tom Mboya, ya Section 58 na Kiamunyi, na kuandikiana naye mkataba mmoja mmoja. Ndiyo sababu kazi yake kubwa hufanyika kwingine: kusukuma kima cha mshahara kipandishwe kwa nchi nzima, kumfundisha mwanachama masharti ya mkataba kabla hajaingia kazini, kumwandikia mwajiri barua, kumpeleka mwanachama kwa afisa wa kazi wa kaunti, na ikibidi kusimama naye katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina vituo Kisumu na Nakuru. Ada ya yunioni ya mwalimu hukatwa kwenye hati ya mshahara hata kabla hajaiona. Dada wa kazi mara nyingi hana hati ya mshahara, na inambidi aamue kila mwezi kuitoa ada kwa mkono wake, kutoka kwenye pesa ambayo nyumbani kwao wanaisubiri. Kwa hiyo tusishangae idadi ya wanachama ikikua polepole, wala tusiseme akina dada hawajali.

Wengine wanaogopa tu. Wamesikia kwamba mwajiri akijua umejiunga utafukuzwa. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema uanachama wa chama cha wafanyakazi, au hata nia ya kujiunga, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi wala kumwadhibu. Najua sheria na jikoni ni mahali pawili tofauti, lakini ni vyema dada alijue hilo kabla hajasikia kinyume chake kutoka kwa mwenye nyumba.

Neno moja kwa waajiri, hasa wale wema, kwa maana kosa hili nalisikia kwao zaidi na wanalisema kwa nia safi: "Mimi nimemruhusu dada wangu ajiunge na yunioni." Mama, asante kwa moyo huo, ila ruhusa hiyo haikuwa yako kuitoa. Kila mfanyakazi aliipata kwenye Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010, na yaya anayelea mtoto wako, au japidi kama mnavyomwita nyumbani, ni mfanyakazi. Unachoweza kufanya ni kutompangia nguo za kufua siku ya mkutano. Na ikiwa siku hiyo ndiyo ya mapumziko yake, ile moja katika kila saba iliyotajwa kwenye kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira, basi hahitaji hata kukueleza anakwenda wapi.